Naomba ushauri: navaaje gothi kwenye joto hili la Dar bila kuzimia?

Usiku_wa_Kimara

Habari za humu wadau. Nina miaka 23, niko Dar, mwaka wa pili chuoni. Tangu kidato cha tano navaa gothi: nyeusi juu mpaka chini, wanja mzito, midomo myeusi, minyororo ya fedha. Kwa wasioufahamu mtindo huu, si dini wala ushetani. Ulianzia Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye muziki wa bendi kama Bauhaus na Siouxsie and the Banshees, na mwaka 1982 vijana wa London wakapata klabu yao, Batcave. Mimi muziki niliupata kwanza, nguo zikafuata. Nikivaa hivi ndipo najisikia mimi.

Tatizo ni joto. Juni na Julai sina shida kabisa, ila kuanzia Desemba mpaka Machi ni mateso. Juma lililopita nilivaa jinzi nyeusi ya kubana, blauzi ya poliesta ya mikono mirefu, koseti (kizibao kigumu cha kubana kiuno kwa kamba) juu yake na buti za jeshi. Saa saba mchana, daladala imejaa, nimesimama tangu Kimara. Tulipofika Magomeni nikaona giza. Nilikuja kujitambua nimekaa kituoni, mama mmoja nisiyemjua ananilegeza kamba za koseti huku konda ananimwagia maji kichwani. Yule mama aliliacha gari likaondoka ili abaki na mimi. Sikumuuliza hata jina.

Nyumbani mama yangu aliposikia alisema, "Hizo nguo za msiba zitaleta msiba kweli." Imeniuma kwa sababu najua anaogopa.

Sitaki kuambiwa niache. Nataka kujua vitambaa gani nivae, mishono gani, viatu gani, na vipodozi vinavyokaa usoni. Nguo nyingi nanunua mitumba Karume, kwa hiyo bajeti yangu mnaielewa.

Mzee_wa_Kinondoni

Pole sana binti. Nina mabinti wa umri wako, kwa hiyo nasema kama mzazi: nyeusi inavuta jua, hilo halina mjadala. Vaa nyeupe miezi hii mitatu, nyeusi utairudia mvua za masika zikianza. Afya kwanza.

Bi_Mkunazini

Mzee mwenzangu, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Mimi ni wa Unguja, na bibi yangu kavaa buibui jeusi maisha yake yote, kaskazi ikivuma na isipovuma. Alikwenda sokoni, mazikoni na harusini kwa miguu, na sikupata kusikia kaanguka kwa joto. Mwanangu, kuvaa nyeusi kwenye jua la Pwani hakukuanza na wewe.

Ila lile buibui la kizamani tazama lilivyokuwa. Pana kama tanga. Likifungwa kichwani, chini linapwaya, upepo unaingia miguuni na kutokea juu. Ndani bibi kajifunga kanga tu. Wewe umebana jinzi, juu ya jinzi koseti, chini buti. Hewa ipite wapi?

Na viatu tafuta makubadhi meusi ya ngozi. Ukitaka vyuma na minyororo, fundi viatu atakubandikia. Mkononi shika pepeo la ukindu, waambie wasusi wakutilie ukindu rangi nyeusi kabla ya kusuka. Hapo utakuwa umevaa kitu ambacho hao wa London hawana.

Kipimajoto

Bi Mkunazini amegusa jambo ambalo lilishapimwa. Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu Mabedui, swali likiwa kwa nini watu wa jangwani wavae majoho meusi. Mtu alisimamishwa juani jangwani, mara kavaa joho jeusi, mara jeupe, wakapima joto linaloufikia mwili. Joho jeusi lenyewe lilipata moto zaidi, lakini mwili ulipata joto lile lile kama wa mvaa jeupe. Ule moto wa ziada ulipotea kabla ya kugusa ngozi, kwa sababu joho ni pana na hewa inapita kati ya kitambaa na mwili.

Kwa hiyo Mzee wa Kinondoni ana haki kwamba nyeusi inavuta jua. Muhimu ni je, kitambaa hicho kimeikalia ngozi au kiko mbali nayo.

Mvita_Kivuli

Niko Mombasa, na mimi pia navaa nyeusi. Kipimajoto, hiyo ya Mabedui ni kweli, lakini jangwa ni kavu na lina upepo. Huku kwetu hewa yenyewe imejaa maji. Jasho linatoka na halikauki, na jasho lisipokauka halipozi mwili. Joho pana litakusaidia ukiwa umesimama Forodhani upepo wa bahari unakupiga. Ndani ya matatu iliyojaa, hata joho ni kazi bure.

Ushauri wangu dada: nguo za safari ziwe tofauti na nguo za kufikia. Mimi kwenye matatu navaa dera jeusi la pamba na ndala, basi. Koseti, minyororo na glavu za lesi ziko kwenye mkoba, navaa nikifika. Dakika kumi chooni mbele ya kioo zinatosha. Na ukiweza, toka alfajiri au baada ya saa kumi jioni. Kwani gothi si mambo ya usiku?

Fundi_Zuhura

Mimi ni fundi cherehani Ilala, mwaka wa 14 sasa, na nimeshashonea vijana wawili watatu wa mtindo huu. Ngoja niseme kifundi.

Adui yako wa kwanza ni poliesta. Mitumba mingi myeusi ya kung'aa ni poliesta, na lebo zimekatwa. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uchome na kiberiti. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na inaacha majivu laini. Poliesta inayeyuka, inajikunja kuwa kidonge kigumu. Ukiona kidonge, rudisha. Kitani ndicho kinachopoza kuliko vyote, kinakunjamana lakini kwa mtindo wako mikunjo si aibu. Viskosi, kile kitambaa laini cha nyuzi za mbao, ni nzuri, inaanguka vizuri mwilini, ila ikilowa inakuwa dhaifu, usiikamue kwa nguvu.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijaona mtu akikitaja: KANIKI. Pamba tupu, nyepesi, nyeusi au buluu iliyoiva mpaka ikakaribia weusi. Watu wanaiogopa kwa sababu wanaihusisha na waganga, lakini kwa kazi yako sijui kama kuna kitambaa kinachoizidi. Sketi ya pande sita mpaka kifundo cha mguu, mikono mipana kama ya kanzu, kwapani nikuwekee kipande cha pembe nne ili mkono uinuke bila kuvuta. Lesi weka mgongoni na kwenye mikono, mahali hewa inapotakiwa kupita, na usiiwekee bitana.

Koseti acha kabisa kwa safari. Nitakushonea kizibao cha drili ya pamba chenye kamba mbele, kisicho na vyuma, pembeni nafasi za wavu. Kwa macho ya mtu ni koseti ile ile, ila unapumua.

Weusi ukipauka, mpelekee fundi wa batiki. Wale wanatumia rangi za vati na kostiki (magadi ya moto), nguo ya pamba inashika weusi mzito usiochuja ovyo. Usijaribu nyumbani bila glavu, kostiki inaunguza ngozi. Poliesta usimpelekee, haitashika. Kufua, geuza ndani nje, maji baridi, anika kivulini.

Muuguzi_Zamu_ya_Usiku

Dada, lililokupata lina maelezo. Ukisimama muda mrefu kwenye joto damu inashuka miguuni, koseti inazuia kifua kutanuka, na jasho limekwisha kukutoa maji na chumvi. Ubongo ukikosa damu ya kutosha hata kwa muda mfupi, unaanguka. Yule mama alifanya sahihi kulegeza nguo kwanza.

Mara nyingine ukisikia kichwa kinauma, kichefuchefu, kizunguzungu, miguu inakaza, usingoje kituo chako. Shuka, kaa kivulini, inua miguu, kunywa maji kidogo kidogo. Dafu ni zuri. Lakini mtu akianza kuongea ovyo au kuchanganyikiwa, na mwili ni moto sana, hiyo ni dharura. Mwagieni maji, mpepeeni, awahishwe hospitali wakati huo huo.

Kunywa maji kabla ya kutoka, usisubiri kiu. Vipele vya joto kiunoni na chini ya matiti vinaletwa na nguo ya kubana iliyolowa jasho. Ukifika nyumbani oga, jikaushe vizuri, na usirudie nguo ile kabla haijafuliwa.

Kungwi_wa_Lipstiki

Vipodozi niachieni mimi, napamba maharusi na harusi za Februari nazijua.

Usipake faundesheni nzito uso mzima, itateleza saa nne asubuhi. Osha uso kwa maji ya baridi, paka krimu ya kuzuia jua, subiri ikauke, halafu weka rangi machoni na midomoni tu. Penseli ya wanja isiyotoka kwa maji, juu yake bonyeza poda nyeusi ya macho kwa brashi ndogo ili ishike. Midomo tumia lipstiki ya maji inayokauka, tabaka mbili nyembamba, ukibana karatasi laini katikati. Jasho lifute kwa kugusagusa na leso, usisugue.

Wanja wa manga wa kusaga jiwe uwe mwangalifu nao, mwingine una madini ya risasi na si wa kuweka jichoni kila siku.

Na niseme hili kwa mapenzi: poda nyeupe usoni iache. Imezoeleka kwa sababu walioanza walikuwa Waingereza. Ngozi yako nyeusi ikiwekewa damu ya mzee kwenye kope na fedha kidogo pembeni ya jicho, hakuna poda itakayofikia hapo, na jasho halina cha kuharibu.

Bi_Mkunazini

Kungwi kanikumbusha. Nilitaka kusema ajichore maua ya piko mikononi badala ya glavu, yanapendeza mno. Lakini piko ni ile rangi ya nywele, watu wengine inawababua mpaka malengelenge na makovu. Hina tupu ni salama zaidi, ingawa rangi yake ni ya kahawia iliyokolea. Kwenye viganja na ncha za vidole ndipo inapoiva zaidi.

Mswahili_Leipzig

Salamu kutoka Ujerumani. Mji ninaokaa una tamasha la magothi, Wave-Gotik-Treffen, tangu mwaka 1992, kila Pentekoste, na huja watu kama 20,000. Kuna miaka linaangukia siku za jua kali, na wapo wanaovaa magauni ya karne ya 19 wakikaa kwenye nyasi za bustani ya Clara-Zetkin. Nimewaangalia wanavyofanya. Mwavuli mweusi wa lesi na wa kitambaa kizito, wanabeba yote miwili. Feni ya mkono. Viatu wanavua wakikaa. Na wengi wanaacha jaketi jeusi la ngozi nyumbani, wanabaki na kizibao na mikono ya wavu.

Lakini wao ni siku nne tu, nawe una miezi minne. Ushauri wa Mvita Kivuli na Fundi Zuhura ndio unaokufaa zaidi. Mwavuli tu usiache.

Mzee_wa_Kinondoni

Nimesoma yote. Binti, nakubali kaniki. Koseti bado sikubali.

Usiku_wa_Kimara

Nimerudi baada ya majuma matatu. Asanteni mno, kila mmoja.

Nimechoma nyuzi za kabati zima. Nguo 11 kati ya 19 zilikuwa poliesta, zikiwemo mbili nilizoapa ni pamba. Nilinunua kaniki Kariakoo, muuzaji akaniuliza mara mbili kama nimetumwa na mganga. Nimemwambia ni ya sketi, akacheka akanipunguzia bei. Sketi imeshonwa kama alivyoeleza Fundi Zuhura, pamoja na kile kipande cha kwapani kwenye blauzi. Sikujua kipande kidogo hivyo kinaweza kubadilisha nguo nzima, siku hizi nashika bomba la daladala bila blauzi kupanda.

Mchana nasafiri kama Mvita Kivuli: sketi, blauzi, makubadhi, mwavuli. Kizibao na minyororo vinangoja kwenye mkoba. Chupa ya lita moja na nusu inaisha kabla ya saa sita. Jumanne nilisimama tangu Kimara mpaka Posta na nikashuka kwa miguu yangu.

Poda nyeupe nimeigawa. Kungwi, uliyosema kuhusu ngozi yangu nimeyasoma mara nyingi.

Mama bado anaziita nguo za msiba. Lakini juzi alishika pindo la sketi akauliza kama ilibaki kaniki, anataka ya kuvalia shambani Mkuranga.

Lililobaki ni buti. Zina maana kubwa kwangu, nilizinunua kwa pesa yangu ya kwanza ya kibarua. Makubadhi nayapenda, lakini siku ya tamasha la muziki nataka buti. Kuna njia?

Fundi_Zuhura

Ipo, ikiwa ni za ngozi halisi. Mpelekee fundi viatu atoe bitana ya sponji ya ndani, abakishe ngozi tupu, na atoboe matundu madogo upande wa ndani wa unyayo ambako hayaonekani, ayatie pete nyeusi za chuma. Soksi za pamba, beba pea ya pili ya kubadilisha. Zivae jioni, ukirudi zijaze magazeti usiku kucha, na usizivae siku mbili mfululizo. Kama ni za plastiki, hizo zingoje Julai.

Usiku_wa_Kimara

Ni za ngozi. Jumamosi nazipeleka.