Naomba ushauri: nimetolewa mtoto wa jicho, sasa macho mawili hayaelewani

Habari zenu wapendwa. Siku 12 zilizopita nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia. Haukufika hata nusu saa. Lenzi yangu yenye ukungu ikatolewa, nikawekewa ya bandia.

Kinachonisumbua ni maisha ya baada ya hapo. Nikifumba jicho la kushoto, shuka langu ni jeupe pe, tena lina ubuluu kwa mbali. Nikifumba la kulia, shuka lile lile linageuka rangi ya chai ya maziwa. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa naona hivyo! Nilitokwa na machozi, kusema kweli.

Shida ni nikifumbua yote mawili. Juzi kwenye ngazi nilikosa kidato, bahati nzuri nikawahi kushika ukuta. Miwani ya zamani ndiyo inanivuruga zaidi. Daktari amesema lenzi hii ni ya kuonea mbali, na miwani ya kusomea nitapimwa jicho likishatulia, wiki 4 hadi 6. Matone naweka kwa wakati, na jicho silisugui. Dalili za kukimbilia hospitali alizonitajia (maumivu makali, vimulimuli, kivuli kama pazia) sina.

Mliopitia hili, mliishije kabla ya jicho la pili kufanyiwa? Kuna aliyetoa kioo kimoja cha miwani yake, na kilimsaidia? Na ile miale inayozunguka taa usiku, kwenu iliisha baada ya muda gani? Naombeni sana uzoefu wenu, kliniki narudi wiki ijayo.