Kitabu cha upelelezi kisicho na kurasa za mwisho, mmewahi kukutana nacho?

mchana_usiku
Wakuu habari za jioni. Swali langu linaweza kuonekana la kijinga ila linanisumbua kitambo. Mimi ni mlevi wa riwaya za upelelezi tangu darasa la sita, nilianza na Kufa na Kupona ya Elvis Musiba, kopi ya mjomba, tena kwa kujificha maana bi mkubwa aliona ni vitabu vya kihuni. Sasa miaka sita iliyopita nikanunua riwaya moja (sitaji jina nisije nikamharibia mtu uhondo) kwa jamaa mmoja anayetandaza vitabu chini, buku mbili tu, nikaisoma mpaka saa nane usiku, nafika ukurasa wa 118, nafunua, jalada. Kurasa zote za mwisho zimenyofolewa!! Basi tangu siku hiyo nikawa natunga mwisho wangu, kwenye daladala, kwenye foleni, nikampata muuaji wangu na sababu zake zote. Mwezi uliopita nikaazima kopi nzima. Muuaji ni mtu aliyetajwa mara moja tu huko mwanzoni, basi. Nimekasirika kweli, wangu alikuwa bora zaidi. Sasa nauliza, nyie mnasomaga ili mjue nani kaua, au kuna kingine?

chumvi_ya_pwani
Kaka pole, huyo mwandishi kakudhulumu, mtu wa kutajwa mara moja hawi muuaji, huyo ni mpita njia. Mie Bwana Msa, yule mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, nimemrudia sijui mara ngapi na kila kitu nakijua, wala sichoki. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya 1957-58 ikatoka kitabu 1960, lakini ukiisoma leo yale mabishano yao bado yamoto. Watu washaogopa mzimu, Bwana Msa katulia na kiko chake anauliza vijiswali vidogo vidogo mpaka mtu anajikwaa mwenyewe, na rafiki yake Najum pembeni anakosea kwa niaba yetu sote. Na mnajua Abdulla kabla ya kuingia kwenye magazeti alikuwa bwana afya? Ndio maana Bwana Msa wake hata uvunguni anachungulia.

kobe_wa_bara
Mkuu unachanganya mambo mawili. Willy Gamba, yule jasusi wa Musiba, sio habari ya nani kaua. Adui unamjua mapema, ni makaburu na vibaraka wao, na stelingi hafi hilo unalijua kabla hujafungua kitabu. Kikosi cha Kisasi (1979) mimi raha yangu ilikuwa ni kuiona Kinshasa, mahoteli, muziki, watu wanavyovaa, na mimi wakati huo mbali kabisa nilikofika ni Dodoma. Vitabu vya hivyo hata vikinyofolewa mwisho hupati hasara sana, vikinyofolewa katikati ndio kilio.

Mama_Wawili
Mimi mtanisamehe, huwa namfuatilia marehemu. Hakuna kinachonikera kwenye hizi riwaya kama maiti kuokotwa ukurasa wa tano halafu mpelelezi anawasha sigara, stori inasonga mbele, hakuna msiba! Jamani sisi tunajijua, mtu akifa turubai linafungwa, majirani wanaleta kuni, wanaume nje wanacheza bao, wanawake jikoni na humo ndani ndimo siri zote zinamwagika. Shangazi yangu akikaa msibani nusu saa tu anajua nani hakuwa anasalimiana na marehemu, nani anamdai, na mtoto yupi hajatajwa. Mpelelezi mwenye akili angeomba kazi ya kumenya vitunguu. Lakini waandishi wetu wengi wanaume, jikoni hawajawahi kuingia 😂

kobe_wa_bara
Hahaha dada umeua. Shangazi apewe beji.

mchana_usiku
Mama Wawili umenigusa pabaya, maana muuaji wangu mimi nilimkamata msibani hapohapo. Kwenye ule ukurasa wa 118 kuna shemeji mtu anashughulikia chakula, anawapangia watu zamu, anahakikisha kila mgeni amekula, mstari mmoja tu. Mwandishi kapita zake. Mimi nikajiuliza huyu alijuaje mapema hivyo kwamba wageni wangekuwa wengi, maana mchele magunia mawili haununuliwi na maiti haijapatikana. Nikajenga kesi nzima hapo. Kumbe kwa mwandishi ilikuwa ni mchele tu.

chumvi_ya_pwani
Magunia mawili! Andika kaka, hiyo Bwana Msa mwenyewe angeweka kiko chini asikilize.

mchana_usiku
Nitaandika kwenye daftari nipige picha nitume hapa, mnivumilie mwandiko. Ila jamani nani ana Kosa la Bwana Msa, ile ya 1984? Naazima siku tatu tu, na nitahesabu kurasa kabla sijaondoka nayo.