Mama alikuwa anapewa dawa za miezi sita, sasa anapewa za mwezi mmoja. Nimwambie nini?

Kijana wa Makambako

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika kwa ruhusa ya mama mwenyewe, kasema niandike ila nisitaje jina lake wala kijiji.

Mama anatumia ARV, dawa za kufubaza VVU, tangu 2011. Sisi ni watu wa Njombe, na kwetu ugonjwa huu si wa kusikia redioni. Utafiti wa kitaifa wa 2022/23 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wazima mkoani kwetu wana VVU, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Mama hajawahi kukosa kliniki. Virusi vyake vilishafubaa, akawa anapewa dawa za miezi sita kwa mkupuo, makopo mawili ya vidonge 90. Akishapewa anajaza pamba ndani ya kopo ili lisilie njiani, maana watu wa kwetu wanaujua mlio ule.

Tangu Februari mwaka huu wa 2025 anapewa kopo la vidonge 30 tu. Bodaboda hadi kituo cha afya ni 5,000 kwenda na 5,000 kurudi. Zamani mwaka mzima alitumia 20,000, sasa itakuwa 120,000, na mama analima mahindi na viazi, hana mshahara. Machi alitolewa damu ya kupima wingi wa virusi, majibu hadi leo hakuna. Dada aliyekuwa anampigia simu kumkumbusha tarehe naye hayupo tena.

Wiki iliyopita nilikwenda kumsalimia. Nikakuta wembe kwenye sahani juu ya kabati, pembeni yake vumbi jeupe. Mama anakata kidonge katikati. Kaniambia, "Mwanangu, naweka akiba. Wanasema zitakwisha, halafu tutauziwa." Usiku ule sikulala.

Naomba mwenye kujua anisaidie. Dawa zinakwisha kweli?

Dada wa Daftari

Pole sana mdogo wangu, na mama mpe shikamoo yangu. Nilikuwa mmoja wa hao dada wa simu. Si kituo cha mama yako, lakini kazi ni ileile. Mimi mwenyewe natumia dawa, ndiyo maana nilichaguliwa kuwafuatilia wenzangu.

Tarehe 20 Januari Rais Trump wa Marekani alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na mradi uliotulipa sisi ulitegemea misaada hiyo. Siku chache baadaye ukaingia ujumbe kwenye kundi letu la WhatsApp: kuanzia kesho msiende kazini. Daftari langu lilikuwa na wateja 214. Nikalikabidhi kwa muuguzi. Naye ni mmoja, ana wajawazito, ana chanjo, ana watoto wenye homa.

Watu wanadhani mradi ni dawa. Dawa ile wiki ya kwanza ilikuwepo stoo. Walioondoka ni watu. Damu ya mama yako, kama ni vituo vya huku kwetu vijijini, inadondoshewa kwenye karatasi yenye miduara mitano, inaachwa ikauke, inafungwa, kisha kijana wa pikipiki anaipeleka kunakopimwa. Mafuta ya ile pikipiki yalilipwa na mradi. Anayeingiza majibu kwenye kompyuta alilipwa na mradi. Kwa hiyo karatasi ya mama inawezekana kabisa haijatoka droo. Msisubiri, aombe kutolewa damu upya.

Kuna mama mmoja anauza mbogamboga. Akipitisha tarehe nilikuwa namfuata gengeni, nanunua mchicha wa 500, naondoka bila kusema neno. Kesho yake namkuta kliniki. Tangu Januari sijamwona kwenye foleni, na mimi foleni ile naipanga kila ninapofuata dawa zangu.

Mfamasia wa Iringa

Kaka, kwanza wembe. Kidonge hicho ni TLD, yaani dawa tatu ndani ya kimoja: tenofovir, lamivudine na dolutegravir. Nusu haitoshi kuvizuia virusi, vinapata mwanya wa kuizoea dawa. Ikifika hapo anahamishiwa dawa za daraja la pili, na kuzipata ni kazi zaidi. Mpigie sasa hivi, leo usiku ameze kizima.

Kuhusu kuuziwa: ARV ni bure. Yeyote atakayemdai pesa, muone mganga mfawidhi. Mwishoni mwa Januari Marekani wenyewe waliruhusu matibabu ya kuokoa maisha yaendelee, ARV zikiwemo. Kilichobanwa sana ni kinga. PrEP, yaani dawa za kumkinga asiye na VVU, kwa fedha zao ikabaki kwa wajawazito na wanaonyonyesha tu, wengine wote nje. Tarehe 1 Julai USAID, shirika lao la misaada, ikafungwa rasmi. Lakini sehemu ya dawa zetu hununuliwa na Mfuko wa Dunia (Global Fund) na kupitia Bohari ya Dawa, kwa hiyo bomba halijakauka.

Na hapa soma vizuri. Dawa za miezi mingi anapewa mtu ambaye kipimo chake cha karibuni kinaonyesha virusi vimefubaa. Mama hana majibu ya karibuni, ndiyo maana huenda anarudishwa kila mwezi hata kama stoo ina dawa. Fuatilieni hicho kipimo kabla ya kitu kingine chochote.

Baba Wawili

Tangu 2003 tumebebwa na PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI, miaka 22. Abuja mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi asilimia 15 ya bajeti iende kwenye afya. Bajeti ya 2025/26 imeleta tozo za kuchangia Mfuko wa UKIMWI na bima ya afya kwa wote, bia ikiwemo. Mimi nalipa na sinung'uniki. Ninachodai ni kwamba hela hiyo imrudishe dada wa daftari kazini kabla haijanunua gari hata moja.

Kijana wa Makambako

Asanteni sana. Niliomba ruhusa kazini, Jumatatu nikaenda na mama kliniki. Ametolewa damu, nimeiona ile karatasi na miduara yake. Muuguzi alilitafuta faili mwenyewe, na ni kweli, majibu ya Machi hayamo. Mama akafungua fundo la kanga akatoa vile vipande, kumi na moja. Muuguzi alivihesabu polepole, akampa kopo jipya, hakumgombeza hata kidogo.

Dada wa Daftari, nimemsomea mama ulichoandika kuhusu mchicha. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaniuliza kama unaweza kumpigia. Namba nimekutumia kwa ujumbe binafsi. Mpigie saa mbili usiku, ndiyo saa yake ya dawa.