Naomba ushauri: kivuli cha waridi jekundu kwa rangi za maji

Habari zenu wanajukwaa. Ninajifunza kuchora maua kwa rangi za maji kwa namna ya kibotania, yaani kila jani na kila mwiba vionekane vilivyo katika mmea wenyewe, na sasa ninachora waridi jekundu kutoka Naivasha. Petali za nje zinakubali, lakini katikati, zinapobanana, kila nikitia nyeusi ili kupata kivuli, ua linafifia kana kwamba limepakwa masizi. Mnapataje wekundu ulioiva? Vilevile, ni nyekundu ipi isiyopauka? Picha hii nitampa mama aitundike sebuleni.

JIBU LA 1
Ndugu, nyeusi iache kabisa. Changanya nyekundu yako na kijani kilichoiva, kwa mfano PG7 (msimbo wa kijani kiitwacho phthalo, huandikwa kwenye tyubu), kidogo kidogo mpaka upate damu ya mzee, kisha uipake kwa tabaka jembamba na kusubiri likauke kabisa kabla ya kuongeza jingine, maana brashi ikipita juu ya rangi ambayo haijakauka huivuruga ile ya chini, na hapo ndipo tope linapotokea. Ukingo wa petali unaojikunja na kung'aa uache mtupu tangu mwanzo, kwani mwanga wa picha hizi ni weupe wa karatasi.

JIBU LA 2
Kuhusu kupauka, soma msimbo ulioandikwa kwenye tyubu badala ya jina la rangi. PR83, iitwayo alizarin crimson, hupauka ikikaa kwenye mwanga. PV19, iitwayo quinacridone, hudumu zaidi. Hata hivyo, mwombe mama asiitundike mahali inapopigwa na jua. Karatasi nayo iwe laini, ya pamba, ya gramu 300 kwa mita ya mraba. Pierre-Joseph Redouté, aliyechora mawaridi nchini Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 19, alipaka rangi zake juu ya ngozi iliyolainishwa, na ulaini huo ndio unaoruhusu mishipa ya jani kuchorwa kwa ncha ya brashi.

MWULIZAJI
Nawashukuru sana. Je, nianze na ua au majani?

JIBU LA 3
Anza na ua, kwa sababu petali hufunguka ndani ya saa chache, ilhali majani huvumilia. Kisha ligeuze utazame sepali tano zilizo chini yake, yaani vijani vidogo vilivyolifunika ua lilipokuwa bado halijachanua: katika mawaridi mwitu ya Ulaya, na mara nyingi hata ya bustanini, mbili zina ndevu (vijinyuzi vya ukingoni) pande zote mbili, mbili hazina kabisa, na moja ina ndevu upande mmoja tu. Usizichore zote sawa.