Wanafunzi wanapika data kwenye ripoti za maabara, nifanyeje?

Walimu wenzangu, shikamooni wakubwa. Nafundisha fizikia kidato cha tatu, shule ya kata, darasa kubwa na saa mbili tu za kupimia muda (stopwatch). Tunafanya jaribio la pendulamu, yaani jiwe linalobembea kwenye uzi: uzi wa sentimita 50, mibembeo 20, muda unatakiwa uwe kama sekunde 28. Tatizo ni kwamba kila ripoti inaleta g (mchapuko wa mvutano wa dunia, unaokokotolewa kutokana na muda huo) ya 9.8 kamili, hata kwa kundi nililoliona kwa macho yangu likipoteza hesabu katikati! Wanajua jibu la kitabuni, basi wanarudi nyuma kupika jedwali.

Hatua za jaribio nazo wananakili vilevile, “funga uzi, vuta jiwe”, badala ya kueleza walichofanya wao. Hitimisho ni mstari mmoja: jaribio limefanikiwa.

Nafikiria kutoa maksi nyingi kwa maelezo ya makosa ya vipimo kuliko jibu lenyewe. Aliyejaribu hivyo, ilimwendeaje? Na je, niwaruhusu waandike rasimu kwa Kiswahili kwanza, ilhali mtihani wa taifa wa NECTA ni Kiingereza? Mkuu wa idara hataki hata kusikia.