Mjadala: Wangari Maathai hakubebwa?

Kila tunapogusa suala la kuwapunguzia wasichana alama za kuingia chuo kikuu, hakosekani wa kusema: "Mbona Wangari Maathai hakubebwa, na akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamivu?" Wadau, hoja hiyo naipinga, tena kwa maisha yake mwenyewe.

Alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940. Baba yake alimfanyia kazi mlowezi huko Nakuru. Watoto wa walowezi walikuwa na shule zao, ila pale shambani mtoto wa mfanyakazi Mwafrika hakuwa na pa kusomea. Mwaka 1947 mama akarudi naye Ihithe, na hata huko ni kaka yake Nderitu aliyeuliza kwa nini Wangari haendi shule kama wavulana. Mama akakubali. Nyumba ngapi zilikuwa na binti mwerevu na hazikuwa na Nderitu?

Mwaka 1960 akaenda Marekani kwa mpango wa mwanasiasa wa Kenya, Tom Mboya, wa kupeleka vijana masomoni. Huko ndiko kubebwa, na sioni aibu yake.

Sasa tazameni mwaka 1966. Anarudi na shahada ya uzamili kutoka Pittsburgh, ameshaahidiwa kazi chuoni Nairobi. Anafika, anaambiwa nafasi kapewa mwingine. Mwenyewe aliamini chanzo kilikuwa ukabila na jinsia yake. Niambieni, hapo juhudi zilipungua wapi? Aliyempa kazi baadaye ni profesa Mjerumani, Reinhold Hofmann, wa anatomia ya mifugo. Na hata alipopata uzamivu mwaka 1971, bado alilazimika kupigania wahadhiri wanawake wapate marupurupu sawa na wanaume.

Kwa hiyo wanaopinga wanijibu: msichana wa Turkana anayetembea mwendo mrefu kuchota maji kabla ya kufungua daftari, mtihani unapima akili yake peke yake?

Hoja moja ya upande wa pili naikubali, na ni nzito. Ukimpunguzia alama msichana ambaye shule yake ya kutwa haikuwa na maabara, anaingia chuoni kushindana na waliozoea vifaa tangu kidato cha kwanza. Lakini dawa yake ni maabara, na kozi ya kumwandaa kabla ya mwaka wa kwanza. Mnaotaka alama zibaki palepale, je, maabara hizo mmezidai kwa sauti hiyohiyo?