Mjadala: Msimbo (maandishi ya programu) urudishwe kwa mwenyewe kwa sababu ya nafasi na alama za nukuu?

Mwanzisha mada, Kisumu

Wenzangu, nina jambo limenikaa moyoni. Nilipeleka mchango wangu wa kwanza kwenye maktaba moja ya chanzo huria ya lugha ya programu ya Python, yaani msimbo wa wazi ambao programu nyingine huutumia. Kazi yake ni kuchukua nambari za simu jinsi watu wa kwetu wanavyoziandika, wengine 07, wengine 01, wengine +254, na kuzifanya ziwe za aina moja. Wapitiaji wawili, wanaokagua michango kabla haijapokelewa, wakaniachia maoni kumi na manne. Tumia alama mbili za nukuu, si moja. Mstari huu umepita herufi 79. Weka nafasi baada ya mkato. Narekebisha, natuma, nangoja siku tatu, yanakuja mengine. Wiki ya tatu mchango ukapokelewa.

Nikaujaribu kwa orodha halisi ya wakulima wa kutumiwa ujumbe. Kila nambari ya 07 ilitoka bila 254. Kumbe niliandika int(simu), na hapo Python inageuza maandishi "07" kuwa namba kamili, sifuri ya mbele inatupwa. Mstari uliofuata ulisema: ikianza na sifuri, weka 254. Sifuri yenyewe haikuwepo tena! Majaribio yangu yote yalikuwa ya +254, kwa hiyo yalipita. Kosa ni langu, sikatai. Lakini chini ya mstari huohuo palikuwa na maoni: "acha mstari mtupu hapa". Macho ya watu wawili yalifika pale pale, yakaona mstari mtupu.

Kwa hivyo nasema mtindo, yaani mpangilio wa msimbo, uachiwe mashine. Lugha ya Go ilitoka mwaka 2009 ikiwa na zana yake gofmt, inayoupanga msimbo yenyewe. Python tangu 2018 ina zana kama hiyo, Black, inayokata mistari kwenye herufi 88. Mnaonaje?

Mchangiaji, Nakuru

Pole kwa yaliyokupata, ndugu, lakini usiutupe mtindo. Februari 2014 Apple walilazimika kutoa marekebisho ya haraka ya iPhone. Ndani ya msimbo wao wa usalama mstari "goto fail", amri ya kuruka hadi sehemu ya kumalizia, ulikuwa umeandikwa mara mbili, mmoja chini ya mwingine, bila mabano. Wa kwanza ulikuwa wa sharti. Wa pili haukuwa na sharti lolote, ukatekelezwa kila mara, ukaguzi wa sahihi ya kidijitali ya tovuti ukarukwa. Na ulikuwa umesogezwa ndani sawasawa na wa juu yake, jicho likadanganyika. Wangeshika desturi ya kuweka mabano kila mahali, ule wa pili ungeangukia ndani usidhuru, au ungebaki nje peke yake ukaonekana.

Halafu wapitiaji wengi hawalipwi. Mtu ametoka kazini saa mbili usiku, anafungua michango ya watu asiowajua. Ukimletea msimbo wenye mpangilio mmoja, nguvu kidogo aliyobaki nayo inaenda kwenye maana.

Mchangiaji, Kakamega

Mimi nafundisha vijana programu, na wengi huvunjika moyo kwenye maoni ya kwanza. Lakini mmesahau kitu ambacho mashine haikiwezi: majina. Juzi mwanafunzi wangu aliita kitendakazi, kipande cha msimbo chenye kazi moja, "thibitisha", kumbe ndani kinabadilisha nambari. Black ingekipitisha bila neno. Na jina likishatoka kwa watu halirudi. PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python, ni wa 2001 na unataka majina ya herufi ndogo yenye mstari wa chini (_) kati ya maneno, lakini hadi leo tunaandika setUp na getLogger, majina ya Python yenyewe, kwa sababu ukiyabadilisha unavunja programu za watu. Hapo mpitiaji anizuie hata mwezi mzima, nitamshukuru.

Mwanzisha mada, Kisumu

Mwalimu, la majina nakubali moja kwa moja. Ndugu wa Nakuru, mfano wako ni mzito, ila unaniunga mkono: tangu GCC 6, mwaka 2016, kikusanyi hicho, programu inayogeuza msimbo uwe wa kuendeshwa na kompyuta, kinaweza kuonya mstari ukisogezwa ndani kwa kudanganya. Macho yaliukosa, mashine sasa inaukamata. Na nguvu hiyo kidogo ya saa mbili usiku ndiyo ninayoitetea. Ikimalizikia kwenye nukuu, nani ataiuliza sifuri imeenda wapi?

Mchangiaji, Nakuru

Basi mashine itangulie, lakini iendeshwe kwenye seva ya mradi, si kwa mchangiaji. Kuna vijana huku wanaandika msimbo kwa simu, bando la kununua kila siku. Ukimwambia asakinishe zana nne kabla hajasahihisha mstari mmoja, umemfungia mlango uleule unaolalamikia.

Mwanzisha mada, Kisumu

Hilo nitalipeleka kwa watunzaji wa mradi leo, pamoja na jaribio jipya la nambari za 07 na 01.